Boti Iumwe, Isife

Jumapili, tarehe 2 Novemba. Al Wakrah.

Leo Mabruka imenigomea. Mabruka ni boti ya kampuni, ya faiba, fupi na nono, kazi yake kubeba kamba na maboya humu bandarini. Nahodha wake yuko likizo kwao. Mimi Onyango ni msaidizi. Kuosha, kulinda, kuisogeza kidogo isije ikasahau kutembea. Nje ya ukuta wa mawe, marufuku.

Nimewasha. Nimesukuma liva ya gia mbele. Injini ikapiga kelele. Boti? Iko palepale. Nikaongeza moto. Kelele zaidi. Ndege wote wa gatini wakaruka. Boti ikasogea shingo upande, kama mtoto anayetumwa dukani katikati ya mchezo. Gia inateleza!

Sijui chochote kuhusu gia za boti. Wacha niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Siku ya usaili, Mkenya mmoja wa ofisini alimwambia mudir, yaani mkubwa wetu, kwamba watu wanaoitwa Onyango ni watu wa ziwa, huzaliwa na kasia mkononi. Sikukanusha. Nimezaliwa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo. Ziwa letu lina flamingo. Mimi hata bafuni huingia kwa tahadhari.

Nikampigia Ndirangu. Ndirangu wa Nyeri, dereva wa pikapu ya kampuni. Hujiita injinia kwa sababu aliwahi kufungua giaboksi ya Canter, akairudisha, zikabaki nati chache tu. Sikutarajia aje. Tangu Laban niliyekuwa nikiishi naye arudi Kenya na kuniachia hii kabini ya gatini yenye vitanda viwili, anayekanyaga hapa ni mtu wa maji ya kunywa peke yake. Naye huacha chupa mlangoni.

Alikuja! Na nyuma yake Harun, Mganda wa Mbale, askari wa geti la bandari, ambaye aliona pikapu ikipita mbio akadhani kuna mtu amezama. Wakainama juu ya injini. Wakabishana hadi adhana ya magharibi. Ndirangu alisema ni oili. Harun alisema ni propela. Mimi nilisema "mh."

Kisha nikasonga ugali. Ugali wa watu watatu! Wa mtu mmoja haupikiki, unashikana kwenye mwiko kabla hujaugeuza. Leo umegeuka vizuri kabisa. Harun alikalia kitanda cha Laban, kitanda kikalia. Nilikuwa nimeisahau hiyo sauti.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba.

Nimegundua ugonjwa! Peke yangu!

Asubuhi niliifuata kebo inayotoka kwenye liva hadi chini kwenye giaboksi. Mwisho wake kuna nati. Nati ilikuwa imelegea. Kwa hiyo huku juu nasukuma liva hadi mwisho, kule chini mkono wa gia unafika nusu tu, na gia inashika nusunusu. Nikakaza kwa spana. Nikajaribu. Mabruka ikachomoka! Nusura nigonge gati la wenzetu.

Mtu wa ziwa! Nilicheza pale gatini peke yangu. Paka mmoja alinitazama akaondoka.

Nikawatumia ujumbe: imepona. Sikutaja nati. Fundi wa kweli hamwagi siri zake. Harun akajibu Alhamdulillah. Ndirangu akatuma kidole gumba. Nikabandika maji ya ugali wa watu watatu. Nikangoja. Maji yakachemka, yakapungua. Nikampigia Ndirangu kumuuliza kama anapita. Akauliza kwani imeharibika tena. Nikasema hapana, ni nzima. Akasema basi vizuri, omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, tutaonana. Akakata.

Nimekula mkate wa kubus na samaki wa mkebe. Sikupasha moto. Nikampigia dada yangu Nakuru. Akasema yuko kwa foleni, atanipigia. Hajapiga.

Kutoka kabini yangu nasikia kijiwe cha chai cha barabarani, watu wanavyocheka. Sielewi lugha yao, lakini kicheko nakielewa. Nimekaa nikiifikiria ile nati. Ndogo hivyo. Ikilegea, watu wanakuja. Ikikazwa, hakuna mtu.

Jumanne, tarehe 4 Novemba.

Nimeilegeza. Kidogo tu. Ni nati, si mauaji.

Nikawapigia kwa sauti ya msiba. Nikasema mgonjwa amerudiwa. Walifika kabla sijamaliza kufagia! Na safari hii Harun amekuja na Milcah. Milcah wa Kapsabet, nesi wa kliniki moja hapa Al Wakrah. Tunasali naye kanisa moja kila Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, na tangu nimjue hatujavuka "Bwana asifiwe." Harun alimwona akipita getini akitoka kazini, akamwambia kuna boti mahututi. Akaja na hotpoti ya chapati. Chapati laini, za kukunjuka! Nilimwita Sista kwa heshima. Akaniambia yeye ni Milcah.

Ndirangu alichomoa kijiti cha oili. Akainusa. Akaisugua kati ya vidole. Nilidhani ataionja. Akatoa hukumu kwamba Hilux ikifanya hivi huwa imebakiza siku chache. Nikamkumbusha hii si Hilux. Akasema mashine zote ni ndugu.

Akaniagiza niikanyage moto ikiwa bado imefungwa kamba gatini, tusikilize. Nikaikanyaga. Kelele nyingi, safari hakuna. Wote wakainamisha vichwa, wakisikiliza, wakitikisa vichwa. Akasema tena. Nikarudia. Akasema mara ya mwisho. Tukarudia sana.

Milcah akaanza kuihoji kama mgonjwa wa kliniki. Ilianza lini? Inazidi wakati gani? Imekula nini? Tulicheka. Mimi nilicheka kupita wote. Mashavu yanauma hadi sasa. Kumbe kucheka nako mtu hupoteza mazoezi.

Jumatano, tarehe 5 Novemba.

Siku ngumu! Nusura mgonjwa apone.

Asubuhi nilikaza nati, kwa sababu mudir alikuwa anapita. Akapanda, akaendesha hadi kwenye ukuta wa mawe na kurudi. Mafi mushkila, hakuna tatizo, akasema. Akaondoka. Alasiri nikailegeza tena. Naanza kuwa na ustadi, naweza kuifanya nimefumba macho.

Wageni wangu wakafika. Harun amekuja na mti mrefu wenye ndoana. Akachokonoa kwenye propela. Akavuta. Kikatoka kipande cha wavu wa samaki, kichafu, kirefu. Banange, yaani jamani! akapiga kelele. Akakizungusha hewani kama bendera. Milcah akapiga vigelegele. Ndirangu akanuna, maana nadharia yake ya oili ilikuwa imekufa mbele ya watu. Wakasema kazi imekwisha. Wakaanza kuvaa viatu. Viatu! Chai haijaiva na watu wanavaa viatu!

Nikasema ngojeni niangalie kitu chini. Nikashuka na spana, nikailegeza zaidi ya siku zote. Nikapanda, nikawasha. Ikateleza vibaya kuliko mwanzo, inalia tu. Harun akaachia wavu. Ndirangu akavua viatu huku akitabasamu. Moyo wangu ukatulia.

Ndipo mudir akatokea nyuma yetu. Alikuwa amesahau miwani yake ndani ya boti. Akasikiliza. Akashangaa. Asubuhi ilikuwa nzima, jioni ni mgonjwa? Akasema yeye hawezi haya mambo. Jumamosi lori litakuja kuichukua, ikafunguliwe gereji kule Industrial Area. Khalas, basi.

Nimeketi hapa na hesabu isiyonitoka. Ikipona, hawaji. Ikipelekwa gereji, hawaji. Basi inatakiwa iumwe, isife. Hapo katikati ndipo ninapoishi mimi.

Nisisahau: Ndirangu alinusa oili tena akasema leo inanuka maharagwe yaliyoungua. Hatukumsikiliza. Kila kitu kwake hunuka.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba.

Bradley! Huyo jamaa!

Bradley na mimi tulipanda ndege moja kutoka Nairobi. Tulilia pamoja ilipopaa, ingawa leo akiulizwa atakataa. Yeye akapata kazi The Pearl, kuosha mayoti ya matajiri. Hupiga picha kwenye usukani amevaa nguo nyeupe, kofia nyeupe, meno meupe. Ndoo na brashi hazionekani kamwe.

Leo ameandika kwenye grupu la kanisa: kesho baada ya ibada, wapendwa wote karibuni The Pearl, mtembee gatini, mpige picha na mayoti. Milcah akajibu kwa moyo mwekundu. Ndirangu akasema ana nafasi kwenye pikapu. Wiki nzima nimelala na harufu ya oili kwa ajili ya watu hawa, na Bradley anakuja na picha!

Nikaandika haraka: kesho Mabruka inafanyiwa majaribio rasmi baada ya kupona. Nahodha Onyango anawakaribisha. Neno "nahodha" nilifuta, nikarudisha, nikafuta, nikarudisha. Halafu nikangoja. Dakika hizo sizitaki tena maishani.

Milcah akauliza kama imepona kabisa. Nikasema kabisa. Ndirangu akasema baada ya jasho lote lile lazima aione ikikimbia kwa macho yake. Harun si wa grupu lile, lakini nilienda getini mwenyewe, akasema akitoka msikitini atakuja moja kwa moja. Bradley akaandika "sawa." Bila kicheko, bila kidole gumba. Ameumia! Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu aliyeokoka.

Mara moja nikashuka kukaza nati. Hadi mwisho. Nikajaribu boti. Ikateleza.

Nikakaza zaidi. Ikateleza. Kidogo, lakini ikateleza. Nikachomoa kijiti. Oili nyeusi. Na kweli inanuka maharagwe. Nikakipangusa kijiti vizuri, nikakirudisha mahali pake. Nadhani ni baridi ya asubuhi. Hata mtu akitoka hospitali hatembei vizuri siku ya kwanza.

Jioni nimekung'uta godoro la Laban na kufua shuka lake, kana kwamba kuna mtu atalala.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba.

Siku nzuri kuliko zote tangu nifike Qatar. Mabruka imekufa.

Kanisani nilienda na spana kwenye mfuko wa shati. Sikukusudia, imekuwa kama kalamu sasa. Niliomba kwa bidii. Jirani yangu alidhani nina mgonjwa, akanishika bega. Sikumkatalia.

Baada ya ibada tukakutana gatini. Harun na kanzu yake safi kutoka msikitini. Ndirangu na shati jeupe la kanisani. Milcah na ile hotpoti, safari hii chapati na mchuzi wa kuku. Nikawapandisha mmoja mmoja kwa mkono. Nikasukuma liva. Na Mabruka ikaenda! Upepo, jua la Novemba, Milcah ameshika kofia, Ndirangu anajisifu kwamba yote ni kwa sababu alinusa oili mapema. Nilijiona mtu.

Katikati kabisa ya bandari injini ikapiga mayowe. Boti ikasimama. Nikasukuma liva. Mayowe. Nikarudisha nyuma. Mayowe. Moshi kidogo. Upepo ukaanza kutusukuma kuelekea mawe, polepole. Harun akaanza kusoma dua. Nikakumbuka nanga! Nikairusha. Ikashika. Kwa mara ya kwanza nimefanya kitu cha baharini sawasawa.

Hatukuwa mbali. Mtu mmoja aliyekuwa akivua kwa fimbo juu ya ukuta alitushauri kwa sauti, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na alitushauri kwa muda mrefu. Mvuvi mmoja Mhindi akatupigia kelele kwamba atatuvuta akimaliza kushusha samaki wake. Alikuwa na samaki wengi. Mungu ambariki.

Maana hakuna aliyeweza kuondoka! Hakuna viatu, hakuna pikapu, hakuna zamu. Tulifungua hotpoti. Tukala kwa mikono, mchuzi ukimwagikia maboya. Harun alisimulia juu ya mtoto wake wa Mbale, aliyemwacha tumboni. Akisikia simu ikilia huielekezea kidole na kusema baba. Akiona mwanamume yeyote halisi, hulia. Harun alicheka aliposema hivyo. Halafu hakucheka. Ndirangu alisema yeye huzungumza na pikapu njia nzima ya kwenda Industrial Area, na amegundua kwamba huwa anaijibia. Kisha akaanza wimbo wa kanisani, Milcah akaingia na sauti ya juu, Harun akapiga makofi ingawa si wa kwao. Nami nikaimba. Nilitamani yule mvuvi awe na samaki zaidi.

Halafu Milcah akarudia kuihoji boti. Aliniuliza asubuhi inakuwaje. Nikasema asubuhi ni nzima. Na nikiwa peke yangu? Nzima. Na sisi tukija? Nikachungulia kamba ya nanga. Akasema, taratibu tu, kwamba wodini wako wagonjwa wa namna hiyo. Homa hawana, presha nzuri, lakini saa ya wageni ikifika wanazidiwa. Kisha akatazama mfuko wa shati langu. Nikafunika spana kwa kitabu cha nyimbo.

Ndirangu akatazama pia. Kwa mambo mengi ni mtu wa kukisia, lakini spana anazijua. Akatazama bahari.

Tulipovutwa hadi gatini alishuka moja kwa moja chini kwenye kebo. Akakaa huko kidogo. Akapanda na mstari wa grisi kwenye shati la kanisani. Akapanda pikapu akaondoka. Chapati yake aliyofungiwa ameiacha kwenye benchi. Nimeiweka kwenye friji. Pengine atairudia.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba.

Lori limekuja, na winchi yake. Mabruka ikainuliwa juu, ikining'inia, maji yakidondoka. Nilitaka kuipungia mkono, nikajizuia.

Fundi wa gereji alifungua giaboksi hapohapo gatini kabla ya kuifunga kwenye lori. Sahani za klachi zimeungua, nyeusi tii, moja imepinda. Aliuliza ni nani amekuwa akiikanyaga moto gia ikiwa imeshika nusu. Mudir akanitazama. Mimi nikatazama bahari. Nikasema maji ya huku yana chumvi nyingi mno.

Mudir akaniuliza, tena kwa upole, kama kweli mimi ni mtu wa ziwa. Nikamwambia ukweli mtupu, kwamba nimekulia kando ya ziwa. Akashusha pumzi. Akasema nibaki hapa, nilinde nafasi ya boti isichukuliwe na mwingine hadi itakaporudi. Itarudi lini? Bukra, akasema, kesho, na hapo nikajua ni mwakani.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba.

Nalinda maji.

Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Naamka, nakaa gatini, natazama mahali ambapo Mabruka ilikuwa. Maji yapo. Alasiri natazama tena. Bado yapo. Nimefagia kabini hadi sakafu imechoka.

Nimemwandikia Ndirangu kumwambia pole kwa shati. Alama mbili za buluu, jibu hakuna. Nimemtumia picha ya chapati yake ndani ya friji. Buluu. Harun nilimpungia mkono nikiwa mbali, akanipungia, lakini hakuacha geti lake. Bradley ameweka picha mpya. Amevaa miwani ya jua. Na nyuma yake kuna watu wawili wa kanisani wanacheka.

Nimepika ugali wa mtu mmoja. Umeshikana kwenye mwiko. Nimekaa mbele ya sahani nikajisikia vibaya sana, wala sina haja ya kupamba maneno. Niko peke yangu na nimejitakia.

Jumatano, tarehe 12 Novemba.

Milcah amekuja! Amesema amekuja kuchukua hotpoti. Harun alikuwa nyuma yake, amesema amekuja kumsindikiza Milcah. Nikawapa vigoda. Nikaomba radhi kwa kuwa boti haipo. Milcah akaniambia niache ujinga.

Akanieleza kama mtu anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Siku ya kwanza, sawa, watu walikuja kwa ajili ya boti. Siku ya pili Ndirangu aliiambia ofisi ana mzigo wa kuleta Al Wakrah, na hakuwa na mzigo wowote. Yeye Milcah anakaa nyumba moja na manesi wenzake, kila mmoja na zamu yake, huyu akiamka huyu analala, na anaweza kumaliza juma zima bila kuzungumza na mtu asiyekuwa na sindano. Mimi niliwasongea ugali na kuwachekesha. Boti ilikuwa ya nini? Na kilichomuudhi Ndirangu si shati. Ni kwamba nilidhani ni lazima kiharibike kitu ndipo aje kuniona.

Harun akasema, banange, mimi hata sijui propela inafanya kazi gani.

Milcah akasema ni rahisi. Nikitaka watu, nichukue simu, niseme njooni. Neno moja tu. Hakuna nati, hakuna spana. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema nimeelewa. Walipoondoka nililia kidogo, kilio kizuri, cha kusafisha. Nimeelewa kabisa. Mimi ni mtu mwingine kuanzia leo.

Hotpoti ameisahau. Au ameiacha.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba.

Kanisani Ndirangu amenisalimu kwa vidole viwili. Si mkono mzima, lakini vidole viwili ni vidole viwili. Shati lile lile. Doa halijatoka.

Nimerudi kabini nikaamua leo ndiyo siku. Nimenunua nyama, nyanya na sukuma wiki. Nimebandika sufuria kubwa, maji ya watu wanne. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Njooni. Njooni mle. Njooni tu. Neno jepesi, hata mtoto analisema.

Nikampigia Ndirangu. Akapokea papo hapo, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi. Akasema, sema omera. Kisha akangoja. Nilisikia injini ya pikapu ikiwa tayari inanguruma. Nilisikia na sauti ya Harun kule nyuma, akiuliza kama ni mimi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Je, akisema yuko kazini? Je, akisema tutaonana?

Nikasema friji imekufa.

Akaniuliza polepole, kweli? Nikasema kweli, Ndirangu, imekufa ghafla, haipoi hata kidogo, na kuna nyama ndani, na chapati yako. Akashusha pumzi ndefu. Akasema anakuja na Harun, na wanampitia Milcah njiani. Akaniambia nisiguse kitu.

Maji yanachemka. Vigoda nimevipanga. Friji iko hapa mgongoni kwangu, inanguruma vizuri, ndani kuna barafu kama Nyahururu mwezi wa saba. Wako njiani.

Sasa hiyo spana nimeiweka wapi?